Chui Mweusi Kutoka Karatasini Hadi Sinemani

Msomaji, ikiwa shule yako iko po pote kati ya Nyeri na Nanyuki, basi unacho kitu ambacho vijana wengi wa dunia hukiona vitabuni tu. Asubuhi na mapema, kabla ya mawingu kupanda, waweza kusimama uwanjani ukaiona theluji juu ya Kirinyaga, ilhali mstari wa ikweta wapita karibu nawe. Ukigeuka upande wa magharibi waiona safu ya Nyandarua, ambayo ramani nyingi bado huiita Aberdare. Katika misitu ya juu ya milima ile, penye mianzi na ukungu, wamo chui. Na mara moja moja huzaliwa kati yao mmoja mweusi. Huyo si mnyama wa namna nyingine. Ni chui yule yule, ila weusi umezidi katika manyoya yake, na jua likimpiga vizuri madoa yake huonekana chini ya weusi ule. Katika Februari 2019 picha za chui mweusi wa Laikipia zilienea duniani kote, na magazeti ya ng'ambo yakaandika kana kwamba hapana mtu aliyepata kumpiga picha mnyama wa namna hiyo katika Afrika kwa muda wa miaka mia. Wakenya wakawakumbusha kwamba mpiga picha wa gazeti la hapa hapa alikwisha kufanya hivyo mwaka wa 2013.

Namtaja mnyama huyu kwa kuwa jina lake alipewa shujaa mmoja wa hadithi za picha, naye shujaa huyo, baada ya miaka zaidi ya hamsini ya kuishi karatasini, akatiwa katika sinema iliyotazamwa na watu wa mataifa yote. Yamkini wewe ulimjua kwa sinema kabla ya kumwona kitabuni, au hukupata kumwona kitabuni kamwe. Nataka tuitazame safari yake pamoja, tujiulize ni kitu gani kifanyacho sinema ya shujaa wa katuni kuwa njema au mbaya. Swali hili laweza kuonekana kuwa la mchezo. Lakini nchi yako inao mashujaa wake waliokwisha kutolewa katika sinema na wageni, tena vibaya. Na siku moja mtu fulani atawatoa tena. Si ajabu mtu huyo akawa wewe.

Toleo la 52 la kitabu cha picha kiitwacho Fantastic Four lilitolewa na kampuni ya Marvel ya New York likiwa na tarehe ya Julai 1966. Mwandishi alikuwa Stan Lee na mchoraji Jack Kirby. Ndani yake alitokea kwa mara ya kwanza T'Challa, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni katika Afrika yenye madini ya ajabu yaitwayo vibraniamu. Mfalme huyu avaa vazi jeusi lenye sura ya chui, ana nguvu kupita wanadamu wengine, na elimu yake ya mitambo yawashinda wageni waliokuja kwake wakidhani watakuta vibanda vya nyasi. Baba yake, T'Chaka, aliuawa na mwizi wa madini aitwaye Klaw. Kwa hiyo, tangu kurasa zile za kwanza, mwana alirithi vitu viwili: kiti cha enzi, na deni la kuilinda nchi isije ikaporwa.

Mwaka ule ule wa 1966, chini ya mlima wetu, jambo jingine lilikuwa limekwisha kutendeka. Kitabu cha Joy Adamson juu ya Elsa, simba jike aliyelelewa na watu kisha akarudishwa porini Meru, kilichotoka mwaka wa 1960, kilikuwa kimefanywa sinema, nayo ilipigwa Naro Moru. Kitabu kilikuwa na simba mmoja. Sinema ilitumia simba wengi, wakubwa kwa wadogo, ili waigize maisha ya yule mmoja. Hakuna aliyenung'unika kwamba huyu siye Elsa. Watu walichokitaka ni lile swali la kitabu: je, ampendaye mnyama amfungie au amwachilie? Swali lilibaki, simba wakabadilishwa, sinema ikapendwa. Baada ya kazi kwisha, George Adamson aliwachukua baadhi ya simba wale wa sinema akaenda nao Meru kuwafundisha kuishi porini, hivyo mchezo ukageuka kuwa kweli kwa mara ya pili. Weka mfano huu akilini.

Sasa chukua ukurasa wa katuni uutazame kwa makini. Una visanduku vitano au sita, na kati ya kisanduku na kisanduku pana nafasi nyeupe. Katika kisanduku cha kwanza shujaa ameinua ngumi. Katika cha pili adui yuko chini. Ni nani aliyempiga? Mchoraji hakuchora pigo lenyewe. Wewe ndiwe uliyelipiga, akilini mwako, katika nafasi ile nyeupe. Tena waweza kuukawilia ukurasa dakika kumi, au kurudi nyuma, au kufunika kitabu ukalala. Zaidi ya hayo, karatasi haina sauti. T'Challa alinena kwa miaka 50 na hapana aliyemsikia. Kila msomaji alimpa sauti aliyoipenda. Sinema haikupi ruhusa hizo. Yapitisha picha 24 kwa kila sekunde, haimngoji mtu, na nafasi nyeupe zote imezijaza yenyewe. Ni lazima iamue shujaa hutembeaje, hucheka vipi, na husema kwa lafudhi ya wapi. Ndiyo maana asemaye kwamba sinema njema ni ile iliyofuata kitabu neno kwa neno hajafikiri. Mambo mengi ambayo sinema haina budi kuyaonyesha, kitabu hakikuyasema hata kidogo.

Upo ushahidi wa jambo hili. Katika miaka ya 1986 na 1987 Alan Moore na Dave Gibbons walitoa hadithi ya picha iitwayo Watchmen. Ndani yake wamo mashujaa waliochakaa, na msomaji huanza kuuchukia ule ujeuri wa mtu kujifanya hakimu kwa kuwa tu amevaa barakoa. Mwaka wa 2009 ikatengenezwa sinema yake, na mwongozaji alijitahidi kuviiga visanduku vya kitabu kimoja kimoja, hata rangi na kivuli. Lakini mapigano ambayo kitabu kiliyaonyesha yakiwa machafu na ya kuhuzunisha, sinema iliyafanya mazuri ya kutamanisha. Picha zilifuatwa, maana ikapotea njiani. Moore mwenyewe alikuwa amekataa jina lake lisiandikwe juu ya kazi ile. Kinyume chake, sinema ya Spider-Man ya mwaka 2002 ilibadili mambo mengi, hata namna kijana yule anavyotoa utando wake. Kitabuni alitumia chombo alichokitengeneza, sinemani utando ulimtoka mkononi mwenyewe. Lakini haikugusa jambo moja: kwamba angaliweza kumzuia mwizi naye akamwacha apite, na mwizi yule akamwua mjomba aliyemlea. Kijana yule ana deni lisilolipika. Ondoa utando, bado yupo. Ondoa deni, amekwisha.

Hilo ndilo nilishikalo mimi, nawe waweza kubishana nami. Shujaa wa katuni hakai katika nguo wala katika nguvu zake, bali katika deni alilo nalo, na kwa nani. Mtengeneza sinema awezaye kuliona deni hilo anao uhuru wa kubadili karibu kila kitu kingine. Asiyeliona hata akichora kila kifungo cha vazi hatafika.

Turudi kwa Chui Mweusi. Sinema yake ilitoka Februari 2018, ikiongozwa na Ryan Coogler, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Oakland, California. Katika Afrika ya Mashariki watu waliipokea kama harusi ya jamaa, maana Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, alikuwamo, na kule Kisumu ilionyeshwa kwa shangwe kubwa. Ilipata zaidi ya dola bilioni moja na tuzo tatu za Oscar, zikiwamo za mavazi na za muziki. Lakini fedha na tuzo hazituonyeshi lo lote juu ya swali letu. Tuangalie kazi yenyewe.

Kwanza sauti. Chadwick Boseman, aliyemwigiza T'Challa, hakukubali kusema kwa lafudhi ya Kiingereza wala ya Kimarekani. Hoja yake ilikuwa kwamba mfalme wa nchi isiyopata kutawaliwa na mkoloni hana sababu ya kusema kama aliyefundishwa na mkoloni. Baba mfalme aliigizwa na John Kani wa Afrika ya Kusini, naye alitumia lugha yake ya Kixhosa. Tangu hapo Kixhosa kikafanywa lugha ya Wakanda. Wewe usomaye Kiswahili una haki ya kutabasamu, kwa kuwa ramani za sinema zile huiweka Wakanda upande wetu, karibu na Ziwa Turkana, na majina mengine ya watu wake twayafahamu bila kamusi. Mzee mmoja aitwa Zuri. Kabila la mlimani laitwa Jabari, neno tulitumialo kwa mtu mwenye nguvu asiyeogopa. Kixhosa kimesafiri mbali sana kufika huko! Hata hivyo, uamuzi wa kumpa mfalme lugha ya Kiafrika iliyo hai ulikuwa uamuzi mkubwa, na kitabu hakikuwa kimewasaidia kuufanya.

Mavazi nayo ni hivyo hivyo. Ruth Carter, aliyeyabuni, alitazama shanga na rangi nyekundu za Wamaasai, mablanketi ya Wasotho, na mapambo ya Wahimba na Waturkana. Ukiyaona yote katika uwanja mmoja, waweza kudhani kwamba mtu amepita soko la Karatina siku ya mnada akanunua kidogo katika kila kibanda. Wako waliolalamika juu ya mchanganyiko huo, na sisemi wamekosa. Lakini Wakanda ya vitabuni haikuwa na nguo za kweli hata moja. Wachoraji wa New York waliwavika watu wake vitu vya ndotoni. Kati ya ndoto ya mgeni na vazi la kweli lililowekwa mahali pasipo pake, mimi nalichagua la pili.

Jambo la pili ni kujua cha kutupa. Mwaka wa 1969 vitabu vilimleta adui wa T'Challa aitwaye M'Baku, nao walimpa jina la pili lenye maana ya mtu-nyani. Alivaa ngozi ya sokwe mweupe, na hadithi yasema kwamba alimla sokwe yule ili azipate nguvu zake. Fikiri kidogo, msomaji: Mwafrika, kiongozi wa watu, aitwa nyani na kuchorwa kama nyani, na vijana wa dunia wamsoma. Watengeneza sinema walilitupa jina lile moja kwa moja. Walichokibakiza ni mwili wake mkubwa, wivu wake juu ya kiti cha enzi, na mlima wake. Watu wake Wajabari wakaa juu kwenye theluji, wamejitenga na vibraniamu, na kiongozi wao ni mcheshi. Amtisha mgeni wa Kimarekani kwamba atawalisha watoto wake nyama yake, kisha acheka na kusema kwamba wao hula mboga tu. Ona werevu wa mzaha huo. Yule aliyesemwa kitabuni kuwa alikula nyama ya sokwe sasa awacheka wale waliomdhania hivyo. Hapa kitabu hakikufuatwa, kilijibiwa. Nawe ukaaye mahali paonekanapo theluji kutoka shamba la kahawa, wajua kwamba kabila la Kiafrika lenye mlima wa theluji si jambo la kubuniwa Atlanta.

La tatu ndilo kubwa. Killmonger, adui mkuu, aliingia vitabuni mwaka wa 1973 kwa kalamu ya Don McGregor. Huko ni mwana wa Wakanda aliyechukuliwa na wezi akakulia ng'ambo, akarudi na hasira. Katika sinema amefanywa binamu wa mfalme. Baba yake, N'Jobu, alikuwa ndugu wa T'Chaka. Aliishi Oakland, akaona mateso ya Weusi wa Marekani, akataka silaha za Wakanda ziwasaidie. Mwaka wa 1992 T'Chaka alimwua ndugu yake kwa mkono wake mwenyewe, kisha akamwacha mtoto wa marehemu peke yake katika mji wa ugenini, ili siri isitoke. Mtoto huyo ndiye arudiye akiwa mtu mzima kudai kiti. Mabadiliko haya hayamo katika kurasa za McGregor. Lakini tazama yalivyofanya. Deni la zamani la T'Challa, yaani kuilinda nchi na wezi, limegeuka kuwa deni zito zaidi: je, nyumba yenye mali ina wajibu gani kwa mtoto wake iliyemtupa nje ya ua? Kwa mara ya kwanza shujaa yuko kwenye kosa, au baba yake yuko kwenye kosa naye amelirithi. Amwambia hivyo mzimu wa baba yake, uso kwa uso. Na mwisho, baada ya adui kufa, mfalme aenda Oakland kwenye jengo lile lile ambapo mtoto aliachwa.

Katika wilaya za mlimani kisa cha binamu hawa wawili hakihitaji kufafanuliwa sana. Kuanzia Oktoba 1952 hadi Januari 1960 nchi ilikuwa katika hali ya hatari. Katika Tetu, Mathira, Othaya na Mukurweini watu walihamishwa kwa nguvu wakatiwa vijijini penye mahandaki na miiba. Wengine waliingia msituni, wengine wakawa walinzi wa serikali, na mara nyingi walikuwa wana wa nyumba moja. Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963, aliyepoteza shamba na aliyelipata walikutana sokoni. Mzee wa Nyeri aliyeyaona hayo angalimtazama Killmonger na kumtambua, ingawa hajui Oakland iko wapi.

Sisemi kwamba sinema ile haina ila. Pigano la mwisho, ndani ya mgodi, ni kama vikaragosi viwili vya kompyuta vikisukumana; hakuna uzito wa mwili ndani yake. La kuudhi zaidi ni yule Mmarekani, Everett Ross. Vitabuni, tangu mwaka wa 1998, alikuwa mtumishi wa wizara ya mambo ya nje, mwoga na mchekeshaji, aliyetumwa kumpokea mfalme na kusimulia mambo asiyoyaelewa. Kicheko kilimwangukia yeye. Sinema imemfanya jasusi shujaa, naye ndiye atunguaye ndege zilizobeba silaha za kuwapelekea wanyonge. Mtu aliyesoma kidogo historia ya majasusi wa mataifa makubwa katika Afrika ya miaka ya 1960 hataona raha hapo. Mabadiliko ya Killmonger yaliongeza ukweli. Haya ya Ross yaliupunguza. Yote mawili yalifanywa na mikono ile ile, kwa hiyo tusidhani kwamba kubadili ni kuzuri kwa kuwa ni kubadili.

Nilikuahidi mashujaa wa hapa. Vita vya msituni vilipokuwa bado moto, wageni walikwisha kuvifanya sinema. Mwaka wa 1955 Waingereza walitoa Simba, juu ya mlowezi na shamba lake, na mwaka wa 1957 Wamarekani wakatoa Something of Value, kutoka katika riwaya ya Robert Ruark, akiwamo Sidney Poitier kama kijana Mkikuyu aitwaye Kimani. Poitier alikuwa mwigizaji hodari, na uso wake waonyesha uchungu ambao maneno aliyopewa hayakuutosha. Lakini katika sinema hizi zote mbili deni halikuwekwa mahali pake. Mlowezi ndiye mwenye nyumba ya kulindwa. Aliyenyang'anywa shamba atokea gizani na panga. Mambo mengi ya nje yalikuwa sahihi, milima, miti, mavazi. Kweli ilikuwa imegeuzwa kichwa chini.

Wakati huo huo palikuwa na picha nyingine. Tarehe 21 Oktoba 1956 Dedan Kimathi, aliyekuwa mwalimu wa Tetu kabla ya kuongoza wapiganaji wa Nyandarua, alipigwa risasi akakamatwa. Akapigwa picha amelala kwenye machela, amefungwa pingu, nywele zake ndefu zimesokotwa, amevaa koti la ngozi ya chui. Serikali ya kikoloni iliitangaza picha ile ili watu waone kwamba mtu waliyemwogopa amekwisha. Alishtakiwa Nyeri mjini, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Lakini picha haikutii amri ya walioipiga. Watu waliitazama wakaona chui. Katika vinywa vya wasimulizi Kimathi alikuwa mtu awezaye kujibadili sura na kupita katikati ya askari wasimtambue. Na miaka hamsini kamili baada ya kifo chake, tarehe 18 Februari 2007, sanamu yake ilifunuliwa katika barabara ya Nairobi iitwayo kwa jina lake. Picha ni ile ile. Macho yaliyoitazama yaliibadili maana. Kama Jack Kirby alipata kuiona, sijui wala sidai. Nasema tu kwamba miaka kumi kabla ya mfalme wa kubuni kuvaa sura ya chui, mtu wa kweli wa Nyeri alikuwa amekwisha kuvaa koti lake.

Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo walipotaka kuiandika kesi ya Kimathi kama mchezo wa kuigiza, walikwenda kwanza Karuna-ini, alikofundisha, wakasikiliza waliomjua. Kisha hawakunakili maneno ya mahakamani. Walibuni majaribu anayojiwa nayo gerezani na watu wa kila namna, mabenki, wafanya biashara, makasisi, kila mmoja akimshawishi auze alichopigania. Mchezo ulichezwa Nairobi mwaka wa 1976, nao waweza kuusoma kwa Kiswahili katika kitabu Mzalendo Kimathi. Wako wanahistoria waliosema kwamba huyu siye Kimathi wa kwenye kumbukumbu. Ni kweli, huyu ni Kimathi mwenye deni lililowekwa wazi, hata ukutazame wewe uliyezaliwa baadaye. Lakini sinema kubwa inayomstahili, iliyofanywa na watu wa nchi yake, bado yangoja.

Tusifikiri kwamba wenyeji wamekaa mikono mitupu. Waulize wazee waliosoma shule mwishoni mwa miaka ya 1960: watakumbuka gazeti la African Film, ambalo halikuwa filamu bali hadithi ya picha zilizopigwa kwa kamera, na shujaa wake Lance Spearman mwenye kofia na tai ya kipepeo. Watamkumbuka na Juha Kalulu wa Edward Gitau, ambaye alichekesha wasomaji wa magazeti ya Kiswahili kwa miongo mingi bila kuwa na nguvu yo yote ya ajabu. Na karibu zaidi na siku zetu, katika vibanda vya video vya miji yetu, mashujaa wa ng'ambo walipewa sauti mpya. Msimulizi aitwaye DJ Afro alijulikana kwa kuzifunika sinema za kigeni kwa Kiswahili cha mitaani, akiwapa watu majina ya kwetu, akiongeza mizaha, akimtangulia adui kwa onyo. Walimu wengi hawakumpenda. Mimi namwona kama ndugu wa yule mtu aliyeamua mfalme wa Wakanda aseme Kixhosa. Aliiona nafasi nyeupe ambayo wageni hawakuijaza kwa ajili yetu, naye akaijaza.

Katika Februari ile ile ya 2018, Chui Mweusi alipokuwa akijaza majumba ya sinema, sinema ndogo ya Kenya ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Berlin. Yaitwa Supa Modo, na mwongozaji wake ni Likarion Wainaina. Haikutoka katika katuni yo yote. Msichana wa miaka tisa, Jo, aliyeigizwa na Stycie Waweru, ni mgonjwa wa kufa, na mawazo yake yote yamejaa mashujaa wa sinema. Mama yake amtaka alale ndani apumzike. Dada yake aona vingine: awaendea majirani mmoja mmoja, awasihi wajifanye kwamba Jo anazo nguvu kweli. Baadaye kijiji kizima chakubali kutengeneza sinema ambayo yeye ndiye shujaa wake, kwa vifaa walivyo navyo, vazi la kushona kwa mkono, na mtu wa kibanda cha video kama fundi mkuu. Hakuna vibraniamu. Deni liko kwa kijiji safari hii, na msichana ndiye mdai. Ukipata nafasi ya kuitazama, angalia nyuso za wale majirani wanapoambiwa kwa mara ya kwanza jambo wanaloombwa kufanya, jinsi wanavyotazamana, na ni nani asimamaye kwanza.